Mama Filimbi Anapanda Mlima

Mama yangu hushona mapazia. Wapo washonaji wa magauni, wapo wa sare za shule. Yeye ni mapazia tu, na ukimpelekea suruali ya kupunguza anakutazama kama umempelekea mbuzi amsuke nywele. Kazi yake ina ugumu mmoja: pazia halimfuati mteja lenyewe. Lazima alipeleke yeye, pamoja na fimbo zake ndefu, ngazi, na cherehani ya kurekebishia pindo hapohapo, maana anasema hakuna dirisha lililonyooka duniani, mafundi uashi wote ni waongo. Kwa hiyo Mama bila gari ni mtu aliyestaafu, na Mama aliyestaafu sitaki hata kumfikiria. Angeanza kuja kwangu kila siku kunifundisha kufagia.

Gari lenyewe aliliacha marehemu Baba. Ni gari refu lenye buti kubwa na keria juu, rangi yake zamani ilikuwa bluu, na injini yake ni ya tabo, yaani ina kile kifeni kinachozungushwa na moshi unaotoka, nacho kinaisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu. Baba alilinunua kwa mkono wa tatu au wa nne na akalipenda kupita kiasi. Mama alikuwa akimwambia mbele yetu, "Gari hii ingejua kupika, mimi ningeshafukuzwa."

Sifa yake kubwa ilikuwa filimbi. Baba akiingia gia ya pili na kukanyaga mafuta, gari lilipiga mluzi mrefu, ukianzia chini na kupanda mpaka mbwa wa mtaani wanainua masikio. Baba aliinua kidole. "Mnasikia? Hiyo ndiyo sauti ya nguvu." Aliwaambia hivyo majirani, wageni, hata mchungaji siku alipompa lifti. Mama alipoisikia kutoka kona ya duka la dawa alikuwa anabandika birika, na Baba akimaliza kuegesha, maji yanachemka. Kaka yangu mkubwa, alipokuwa mdogo, aliweza kuuiga mluzi ule barabara. Alijikunyata chini ya dirisha la jikoni, akapiga, Mama akabandika birika, akangoja, akachungulia nje, halafu akatoka na mwiko kumsaka. Ndiyo mzaha pekee niliowahi kumwona Kaka akiufanya. Sasa anafanya kazi ofisi ya bima na kila kitu anakiona kikiwa kimeshapinduka.

Na palikuwa na sheria ya Baba. Injini ya tabo haizimwi ghafla. Ikitoka kazini inapaswa kuunguruma kidogo ikiwa imesimama, ipoe. Kwa hiyo tulipofika nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Tulikaa wote ndani, tumeegesha mlangoni kwetu wenyewe, majirani wakitushangaa, mpaka Baba aseme, "Haya, imepumua." Sijui kwa nini, lakini mambo yote mazito ya familia yetu yalisemwa humo. Mimi nilikiri humo kwamba nimefeli hesabu. Kaka alisema humo kwamba amepata mchumba. Na Baba mwenyewe, akitazama mbele, mikono kwenye usukani, alituambia humo alichoambiwa na daktari.

Baada ya mazishi Mama alichukua funguo kwenye msumari, akakaa kwenye usukani, na filimbi ikaendelea. Mtaa ukaanza kumwita Mama Filimbi, naye akalipokea jina kama cheo. Aliendelea kukaa ndani ya gari mpaka lipumue, peke yake. Tofauti ni kwamba sasa mwenye filimbi na mwenye kuweka chai walikuwa mtu mmoja, na alikuwa akiingia ndani akikuta jiko la baridi.

Sasa nije kwenye kisa. Juu ya mlima, pale lilipo tangi la maji la mji, ilifunguliwa nyumba ya wageni, na mwenye nyumba akamwagiza Mama mapazia ya vyumba vyote. Vyote! Mama alicheza sebuleni na futi shingoni. Lakini siku aliyopanda kwenda kupima madirisha, akiwa amempakia Kaka, gari lilifika kwenye kona kali ya mlima ule, likapiga filimbi, likakohoa, likasimama. Halafu likaanza kurudi nyuma. Nyuma yao magari yalikuwa yamepangana yakipiga honi, na Mama akalirudisha taratibu mpaka chini kwa vioo tu, huku akimwomba radhi kila dereva dirishani mmoja mmoja. Kwake ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Kaka aliteremka akamalizia safari kwa miguu, na mimi namwelewa, mama ni mmoja.

Jumapili yake Kaka alituita kikao. "Gari inauzwa," alisema. "Nimeshapata mtu wa vyuma chakavu. Mama upumzike, umeshafanya kazi ya kutosha."

"Nimechoka mimi?" aliuliza Mama.

"Hujachoka, lakini gari imechoka. Mzaha mzaha, Mama, hutumbuka usaha."

Mimi nilikuja juu. Nilimwambia Kaka kama anaona kila kilichozeeka kinauzwa, basi aanze na viatu vyake. Mama akaninyamazisha kwa jicho, akakunja kitambaa alichokuwa nacho mapajani, akasema kwa upole wake ule wa hatari, "Tuwekeane sharti. Mzigo wote wa mapazia ukiwa ndani, na ninyi mkiwa ndani, nikiupanda ule mlima bila kusimama na bila kurudi gia ya kwanza, gari yangu haiuzwi na hili neno halirudi tena kwenye nyumba hii. Nikishindwa, huyo mtu wako aje na kamba yake. Na cherehani nafunika."

Kaka alikubali haraka mno. Alikuwa na uhakika.

Usaidizi ulitoka kwa Mjomba, mdogo wake Mama, ambaye ana gereji nyuma ya kiwanda cha magodoro. Watu wote humwita Skrubu kwa sababu ni mfupi na hakuna anakoshindwa kuingia. Mjomba alikuwa amesubiri ruhusa ya kuligusa gari lile tangu enzi za Baba. Mama alipompa funguo alizibusu.

"Dada, nitakufanyia kitu! Mlima utauona tambarare!"

"Sitaki kitu. Nataka kidogo kidogo," alisema Mama. "Usiniletee mambo ya mashindano. Injini ni ya zamani, nami pia."

"Haba na haba, Dada."

"Hiyo haba ya kwanza. Ya pili uniulize."

Basi gereji ikawa sebule yetu. Mama alihamishia kiti chake pale, akawa anapinda mapindo kwa mkono, kwa vipimo alivyotumiwa kwa simu na mwenye nyumba ya wageni, huku akisimamia. Mimi nilikuwa nafunga saluni yangu mapema nakimbilia huko, kwa sababu sijawahi kuona ndugu wawili wakifurahi vile. Mjomba alianza na usafi: plagi mpya, oili mpya nyembamba iliyo safi, na filta ya hewa, maana ile ya zamani ilipokung'utwa lilitoka vumbi la kutosha kupanda mchicha. Kisha akatafuta bomba la moshi pana kidogo kuliko la awali, ili tabo ipumue bila kubanwa. Kisha akapata kwenye gari lililogongwa rejeta ya hewa, ile inayopoza hewa inayotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye injini, kubwa kuliko yetu. Haikuenea. Mama aliitazama, akaitazama bampa, akatoa chaki yake ya kitambaa sikioni na kuchora kwenye bampa mstari wa kukata. Ikaenea. Kwa siku zote zilizofuata Mjomba alikataa kabisa kulizungumzia jambo hilo.

Mwisho likaja lile alilolingoja Mjomba kwa hamu: kuongeza msukumo wa hewa ya tabo. Kulikuwa na skrubu ndogo ya kurekebishia, na Mjomba na skrubu ni ndugu. Akaizungusha, akatazama geji aliyoifunga kwenye dashibodi, akaizungusha tena. Tulipolijaribu gari kwenye barabara ya kiwandani liliruka mbele hata kilemba cha Mama kikabaki kiti cha nyuma. Mimi nilipiga yowe, Mjomba akapiga kigelegele, mwanaume mzima. Kisha injini ikaanza kugonga kwa ndani, ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi kwa hasira.

"Punguza," alisema Mama.

"Dada, ni kidogo tu hiyo."

"Skrubu, punguza. Kitambaa cha zamani ukikivuta sana kinaachia kwenye mshono, na mshono wa hii sijui uko wapi. Punguza."

Alipunguza, akinung'unika, mpaka injini ikanyamaza. Ila palikuwa na jambo lisiloeleweka. Vitu vyote vipya vile, na filimbi ilikuwa kubwa kuliko wakati wowote, kubwa hata wafanyakazi wa magodoro wakatoka kutazama, lakini nguvu haikuja kama ilivyotakiwa. Sindano ya geji ilipanda, ikafika mahali, ikachoka. Tulijaribu kwenye kilima kidogo cha nyuma ya kiwanda na mzigo wa magodoro ya kuazima. Gari lilipiga filimbi tamu, na likasimama palepale. Siku ya sharti ilikuwa karibu, na mwenye vyuma chakavu alikuwa ameshapita gerejini kulipigapiga gari ubavuni, kama mtu anayechagua tikiti.

Mjomba akachanganya sabuni na maji kwenye ndoo, akajaza hewa kwenye mabomba ya injini kwa mashine ya kupulizia, akaanza kupaka povu kila mpira na kila kiungo. Alipofika kwenye mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, upande wa chini usioonekana, povu likaanza kutoa mapovu makubwa. Na likapiga mluzi. Fiiiuuu. Mluzi ule ule, injini ikiwa imezimwa kabisa.

Mjomba aliinuka polepole. "Dada," alisema, "njoo uone."

Mpira ulikuwa na ufa mrefu kama kucha, wa siku nyingi, kingo zake zimelainika kwa miaka. Hewa yote ya tabo, ile nguvu iliyotakiwa kwenda kwenye injini, ilikuwa inatokea pale. Sauti ya nguvu ilikuwa sauti ya nguvu inayotoroka.

Mama aliinama akatazama. Akatazama tena. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya tairi, akashika mbavu. "Mume wangu!" alisema. "Miaka yote ile! Na kidole juu! Hata mbele ya mchungaji! Alikuwa anajivunia pancha!" Mjomba naye akaanguka. Mimi nilicheka mpaka nikashindwa kusimama, na kila tukitulia mmoja wetu aliinua kidole akasema, "Mnasikia?", na tukaanza upya.

Kicheko kilipoisha, Mama aliendelea kukaa juu ya tairi. Alikuwa ameshika sindano yake bila kushona.

"Ukiubadilisha," alisema, "filimbi inakwisha."

"Inakwisha, Dada."

"Na usipoubadilisha?"

Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa, akaifuta tena. "Hatufiki hata kwenye kona. Vyote nilivyofunga vinapitia hapo. Uamuzi wako."

Sikuwahi kumwona Mama akishindwa kuamua. Mama huchagua kitambaa kwa kukitupia jicho tu. Nilitaka kumwambia auache, tungeazima lori la mtu, tungembeba Kaka kwa nguvu tukamfungie stoo, chochote, kwa sababu uso wake niliuona na uliniuma. Alikuwa ameingia nyumbani kwake miaka hii yote na sauti ya mumewe. Alikaa vile mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakaanza kukusanya spana zao.

"Badilisha," alisema. "Yeye aliipenda filimbi, lakini gari aliipenda zaidi. Na mimi ninayo kazi." Kisha akaongeza, "Huo mpira wa zamani usiutupe."

Siku ya sharti tulipakia kila kitu. Mapazia yalijaa buti na kiti cha nyuma hadi darini. Kaka aliketi upande mmoja amekumbatia cherehani, mimi upande wa pili nimezikwa kwenye shela, yale mapazia mepesi ya ndani, na vishikizo, nikipumulia pembeni. Fimbo na ngazi zilikuwa kwenye keria. Mjomba mbele na geji yake. Nyuma yetu mwenye vyuma chakavu alifuata na lori lake la kuvutia magari mabovu, kamba imeshakunjwa tayari, mtu mwenye imani.

Tuliondoka kimya. Nasema kimya kweli: gia ya pili, mafuta, na hakuna kitu, ni mngurumo tu wa chini, mnene. Mwenye duka la dawa, ambaye huinua mkono kila siku, hakuinua hata kichwa. Mama aliona. Alinyoosha kilemba chake na kutazama mbele.

Mlima ukaanza. Mwanzoni Mjomba alikuwa anasoma sindano kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. "Inapanda! Inapanda! Imekaa! Haishuki, Dada, haishuki!" Gari lilikuwa linavuta. Sijui niseme vipi. Nimepanda gari lile tangu nikiwa mtoto na sikuwahi kujua lina kitu kile ndani yake. Lilikuwa linasukuma migongo yetu kwenye viti, polepole, bila kelele, kama mkono mkubwa. Mapazia yote yaliniangukia. Nilisikia Kaka akisema, "Mama, kona. Mama, kona! Mama!"

"Naiona, mwanangu."

Kwenye kona mlima unasimama kama ukuta. Gari lilipungua mwendo. Likapungua tena. Mkono wa Mama ukagusa gia na nikafumba macho, maana gia ya kwanza ilikuwa palepale jirani, na gia ya kwanza ilikuwa mwisho wa cherehani. Lakini mkono uliigusa tu, ukatulia. "Njoo," Mama aliliambia gari. "Njoo, mzee wangu." Akakanyaga kidogo, kidogo tu, kama anavyokanyaga cherehani kwenye hariri, na tabo ikaitikia. Gari likajikusanya, likaikata kona, likaondoka!

Sote tulipiga kelele. Mjomba aliigonga dashibodi hadi geji ikadondoka. Mimi nilimbusu Kaka kupitia pazia. Nikageuka nyuma kwa shida, na chini kabisa nikaona lori la kuvutia limesimama kwenye kona, boneti wazi, mvuke unapaa, na mwenye vyuma chakavu ameshika kamba yake mwenyewe akiitazama. "Ng'ombe hazeeki maini!" Mjomba alimpigia kelele dirishani, ingawa hakuna aliyeweza kusikia.

Juu, kando ya tangi, Mama aliegesha na hakuzima. Injini ikaunguruma. Hakuna aliyeshuka. Kaka alikuwa anafuta jasho kwa shela ya chumba namba nane. Akatoa simu, akampigia yule aliyekuwa chini. "Samahani, mzee," alisema. "Haiuzwi. Ndiyo, nimeona. Ngoja hapo, tukishuka tutakuletea maji." Mama akasema, "Haya, imepumua," na tukaenda kutundika mapazia mpaka mikono ikafa ganzi.

Jua lilikuwa bado lipo tuliporudi mtaani kwetu. Sote tulikuwa tunaongea kwa pamoja, Mjomba tayari anaieleza kona ile kuwa ndefu mara mbili. Kisha tukakaribia duka la dawa, pale Baba alipokuwa akiingia gia ya pili, na Mama akaingia gia ya pili, na gari likapita kimya. Akaacha kuongea. Nasi tukaacha, mmoja mmoja.

Hapo Kaka akateremsha kioo. Akatoa kichwa nje, Kaka huyu wa bima, na tai yake, akakunja midomo, akapiga. Ulianzia chini, ukapanda, ukapanda, mpaka mbwa wakainua masikio. Mwenye duka la dawa akainua mkono. Mama hakugeuka, lakini niliona kwenye kioo macho yake yamejaa na meno yote yako nje.

Tuliegesha mlangoni. Injini ikaunguruma, tukakaa, majirani wakatushangaa. Kaka akasema kwa sauti ndogo kutoka nyuma ya cherehani, "Nilikuwa naogopa tu, Mama."

"Najua," alisema Mama. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani. Alisikiliza injini kidogo, kisha akamtazama kwenye kioo. "Sasa usingoje ipumue. Wewe shuka, ukaweke chai. Husikii? Mwenye gari amefika."